Kula na Wasiokula

Siku ya kuniaga pale hospitali mlinipa doti ya khanga na saa ya ukutani, mkanilisha keki kwa mkono mbele ya watu, mkapiga picha. Daktari kijana akaniomba niseme neno kuhusu miaka yangu ya kazi. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Neno lenyewe ni refu, na walikuwepo watu kwenye meza ya mbele ambao wasingelipenda. Kwa hiyo nimewaandikia nyinyi wahudumu vijana. Mimi ni wa darasa la saba, mtanisamehe mwandiko, lakini majina nitayataja kama yalivyo.

Mmenijua kama mama wa ndoo na dekio, na kweli miaka hii yote ya mwisho nimedeki. Lakini sikuanza kazi kwa kudeki. Niliajiriwa kula.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila kilichokatazwa kimeruhusiwa. Mitumba ilifika Singida, maduka ya Utemini yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, chama cha ushirika kikafa, na hospitali ikaanza kudai uchangie matibabu. Ukimwi nao ukafika. Wakati ule kukonda kulikuwa na maana moja. Ukipita njiani mashavu yameingia ndani, watu wanasema umekanyaga waya, na wanakusogezea mtoto mbali.

Mimi nilikonda kwa shangazi yangu Sara, Utemini. Alinichukua kijijini nimsaidie kazi za nyumbani, mume wake alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwa binti wa kawaida, nakula kama mtu aliyechota maji asubuhi nzima. Kila nikinyoosha mkono kwenye bakuli la mboga, shangazi anawaambia wageni, huyu mtoto wa kaka tumbo lake ni ghala la taifa. Wageni wanacheka. Nikaanza kupunguza tonge. Akasifu, siku hizi Yunisi ana adabu. Adabu ikaongezeka. Mwisho wake nilitaka kula na mkono haukubali, koo halikubali, na nikisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa naogopa kama nimeona nyoka.

Majirani walipoanza kusema waya, shangazi alinitengea kikombe changu na sahani yangu, halafu akanipakia kwenye lori la vitunguu, akamwambia dereva anishushe kwenye geti la Nyumba ya Sarepta, njia ya kwenda Issuna. Hakupanda mwenyewe. Yuko hai mpaka leo, anaimba kwaya ya akina mama, sauti ya kwanza.

Sarepta ilikuwa nyumba ya kanisa, vyumba vichache, jiko, na kanisa dogo la mabati. Iliitwa hivyo kwa ajili ya yule mjane wa Biblia ambaye unga wake haukwisha. Aliyeianzisha ni Sista Damaris, Mnyiramba wa Kinyangiri, muuguzi hasa, aliyepelekwa na misheni kusomea ng'ambo. Kule alikuta wodi nzima ya watu wanaokataa chakula. Alituambia alipoiona alilia, kwa sababu alikumbuka wasichana wa kwetu aliowaona wakifa huku ndugu wanabishana kama ni mapepo au ni jeuri. Alirudi akawaomba wakubwa wa kanisa ile nyumba. Wakampa kwa sababu paa lilikuwa linavuja.

Kuniponya kulichukua karibu mwaka. Sitawasimulia, anayeijua hali hiyo anaijua. Siku aliyoona nimepona aliniita jikoni akasema, "Yunisi, sasa utakaa upande wa pili wa sinia." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Kazi ilikuwa hivi. Sinia moja, watu watatu, mmoja wao mhudumu. Ugali wa uwele au wa mtama, mlenda, maziwa, siku nyingine kuku. Hakuna sahani ya peke yake, kwa sababu mtu mwenye sahani yake anaigeuza uwanja wa vita. Kwenye sinia mikono inapishana, na mkono ambao haupishani unaonekana. Mhudumu anakula kweli, haangalii mdomo wa mtu, anazungumza habari za mvua na mbuzi. Mlenda tuliupenda kwa sababu haugombani na koo.

Sala ya chakula Sista aliifupisha mpaka wazee wa kanisa wakanung'unika. Alisema mgonjwa ukimwombea chakula kwa muda mrefu, unampa nafasi ya kukiogopa. Alipenda kutusomea habari za Eliya alipolala jangwani akiomba afe. Malaika hakumhubiria, alimletea mkate akamwambia ainuke ale, akamwacha alale tena, kisha akamletea mwingine. Sista alisema hiyo ndiyo wodi ya kwanza, na malaika ndiye mhudumu wa kwanza wa kada yetu. Hakuwa na cheo huyo malaika.

Siku yangu ya kwanza nilikaa na mke wa mwalimu mmoja. Alikula vizuri kuliko mimi, nikafurahi, nikaenda kuosha vyombo nikiimba. Sista akaniuliza, "Na baada ya kula ulikaa naye?" Sikukaa. Tulimkuta nyuma ya choo, amerudisha chakula chote chini ya ua wa minyaa. Tangu hapo nikajua mlo hauishi sinia ikiondolewa. Tulikuwa tunakaa wote ukumbini kuchambua maharage mpaka tumbo litulie. Kijiji kizima kilishangaa maharage ya Sarepta hayana hata kijiwe.

Ujanja wao sikuhitaji kufundishwa, nilikuwa nao. Tonge linaingia kwenye pindo la khanga. Mtu anamega nyama na kuwagawia wengine kwa ukarimu, ukarimu mtupu. Mtu anaongea sana wakati wa kula kama ameajiriwa na redio. Mizani ilikuwa ile ya chama cha ushirika ya kupimia alizeti. Chama kilipokufa Sista aliiokota, maana wakati ule kila kitu kilikuwa kinaokotwa. Mgonjwa anapanda akiipa mgongo, asijue amepata ngapi, na wewe unayeona unafunga uso kama mcheza karata.

Sheria mbili Sista alizishika kuliko zote. Ya kwanza, mtu aliyetoka kwenye njaa ndefu hapewi shibe. Anapewa uji mwepesi, kidogo, tena kidogo, siku nyingi. Alisema moyo wake ni kama mkokoteni uliolala nje masika yote, ukiupakia magunia siku ya kwanza ekseli inakatika. Ya pili, usimsifu akila na usimsifu akiacha. "Sifa ndiyo iliyomleta hapa," alikuwa anasema, na mimi nikikumbuka shangazi Sara nilijua anasema kweli.

Sasa nije kwa Roda.

Roda alikuwa msichana wa sekondari wa kijiji kile kile cha Sarepta. Baba yake, Mzee Samweli, alikuwa mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wengi kiasi. Binti alipoanza kukonda shuleni walimrudisha, na kijiji kikasema waya. Ibada ya Jumapili watu walikuwa wanaacha nafasi kwenye benchi la Mzee Samweli, pande zote mbili. Alimleta Roda kwetu siku ya mnada, watu wote wakiwa mnadani, asionekane njiani.

Alikaa nasi muda mrefu na akaanza kupona. Siku zake zilirudi, zilikuwa zimekoma. Nywele zikaacha kutoka. Alianza kunitania, "Dada Yunisi, nyinyi Wanyaturu ugali wenu mtu anaweza kujengea," na huku anaumega. Mwalimu mkuu alikubali arudi shule muhula unaofuata. Alikuwa ameshona sketi mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa inambana kiunoni, na hakulia ilipombana. Nyinyi hamjui hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Mimi nililia kwa ajili yake, jikoni, nikasingizia moshi.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Mbegu ziliota zikakauka. Na wakati ule ule, barabarani palikuwa pamefunguliwa kanisa la maombezi lenye vipaza sauti, hata hilo lilikuwa ruksa, na waumini wetu wakaanza kuhamia kule. Mchungaji wetu, Zefania, hakuwa mtu mbaya wa kuiba wala wa wanawake. Alikuwa mtu anayeogopa kanisa tupu. Akatangaza mfungo wa kuombea mvua, usharika mzima, na akaweka benchi mbele ya madhabahu, benchi la waombaji. Anayefunga bila kuonja chochote anakaa pale, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, anatajwa jina.

Sista Damaris akamwambia wagonjwa wa Sarepta hawamo. Mchungaji akakubali. Halafu mama yake Sista akafariki Kinyangiri, Sista akaenda kuzika, na kule malaria ikamwangusha, hakuweza hata kukaa kitandani. Tukabaki wahudumu na Mchungaji.

Roda alimwendea Mchungaji mwenyewe, akaomba benchi. Na alipofunga, alifunga kuliko wote. Wazee wanafungua kwa siri na kikombe cha chai, vijana wanazimia, Roda amekaa wima mbele, macho makubwa, hatetereki. Atatetereka vipi, hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaijua. Mchungaji Zefania akamsimamisha mbele ya kanisa akasema tazameni imani. Kanisa likapiga makofi. Wale wale waliokuwa wanaacha nafasi kwenye benchi walikwenda kumshika mkono.

Nilimfuata Mchungaji ofisini. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, Roda ni mgonjwa. Kutokula ndiyo ugonjwa wake."

"Amejitolea mwenyewe, Yunisi. Sikumlazimisha."

"Mlevi naye hujitolea kwenda kilabuni."

Hakupenda. Akaniuliza nimesoma chuo gani cha Biblia. Nikasema sijasoma. Akasema basi mimi nipike uji, Neno nimwachie yeye.

Nikaenda kwa Mzee Abdalah. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Utemini, mama yake mtu wa pwani, baba Mnyaturu, alituletea mafuta na sukari kwa pikapu yake. Siku ile alikuwa amekuja na mzigo. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza, akashuka garini akaenda mwenyewe kwa Mchungaji, nami nyuma yake. Akamwambia kwa adabu kwamba yeye si wa kanisa lake, lakini kwao Ramadhani ni nguzo, na bado mgonjwa hafungi. Mungu mwenyewe amemruhusu ale.

"Nyinyi ni watu wa sheria, mzee wangu," Mchungaji akamjibu. "Sisi tunakwenda kwa imani."

"Imani ndiyo hiyo inayomtetemesha mikono?"

Akasema gari lake lipo, atamchukua Roda mpaka hospitali ya mjini bila gharama, baba yake akiridhia. Tukamtafuta Mzee Samweli. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, amevaa koti la Krismasi. Nilimwambia binti yake anarudi shimoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mpole, kisha akasema, "Miaka miwili watu wamenikimbia kwa ajili ya mtoto huyu. Leo wamesimama kumpigia makofi. Unataka nikamtoe pale mbele?"

Nikabaki na Roda mwenyewe. Nilimkuta chumbani, anakunja sketi mpya anaiweka chini kabisa ya sanduku. Nilimwomba aje kwenye sinia, hata mlenda tu. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

"Dada Yunisi, usiniharibie," akasema. "Safari hii nikiacha kula si kosa."

Halafu mvua ikanyesha.

Nimeishi na jambo hilo na sijalielewa. Ingechelewa tena, labda watu wangechoka, Mchungaji angefunga lile benchi, Roda angerudi kwetu kidogo kidogo. Lakini ilinyesha, tena ya kujaza mbuga yote ya bondeni, watu wakatoka wakacheza kwenye matope, na wakambeba Roda juu juu kama timu iliyochukua kombe. Kuanzia hapo mwenye neno alinyamaza, maana nani atabishana na mvua?

Wakachinja ng'ombe wa Mzee Samweli kwa ibada ya shukrani. Pilau, nyama, ndizi, soda kreti kwa kreti. Mke wa Mchungaji, Mama Ruti, alijaza sinia akaiweka mbele ya Roda, akasema binti yetu ametuletea mvua, ale kwanza yeye. Mimi nilikuja na kikombe cha uji mwepesi. Nilipita katikati ya watu nikapiga magoti pale, nikasema huyu aanze na hiki, chakula kingi kitamwua.

Mama Ruti akaniuliza mbele ya wote, "Uji ni wa wagonjwa, Yunisi. Kwani huyu ni mgonjwa?"

Watu wakacheka. Wazee wawili wakanishika mabega kwa upole wakanisogeza pembeni, wakaniambia nisiwe na wivu.

Na Roda alikula. Hilo ndilo watu hawaamini nikiwasimulia. Alikula kwa sababu kanisa zima lilikuwa linamtazama, Mchungaji amesema Bwana amemfungulia, na Mama Ruti anamlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge, huku akina mama wanapiga vigelegele. Alikula kama alivyofunga, kwa utii. Mimi nilihesabu matonge mpaka nikaacha.

Miguu ilianza kuvimba. Halafu pumzi ikawa fupi, akawa ananiita kwa jina la mama yake. Moyo ulikuwa unapiga ovyo ovyo chini ya kiganja changu kama kuku ndani ya gunia. Mzee Abdalah alikuja na pikapu, lakini mbuga ilikuwa imejaa, tope jeusi likameza magurudumu mpaka kwenye ekseli. Wanaume wakambeba kwa kitanda mabegani wakikata mbuga kwa miguu, wanaimba wimbo wa maombi. Mimi niliwaambia waache kuimba watembee. Alikata roho kabla hatujaiona barabara kuu. Baba yake alikuwa ameshika mguu wa mbele wa kitanda, akaendelea kutembea. Tulimwacha atembee kidogo.

Mchungaji Zefania alihubiri mazishini kwamba Bwana amechukua kilicho bora. Mzee Samweli alimshukuru. Juu ya kaburi waliweka msalaba wa saruji, umeandikwa Shujaa wa Maombi. Shuleni alikuwa anasomea sayansi, alitaka kuwa nesi. Hilo halikuandikwa.

Sista Damaris alirudi akiwa mwembamba wa malaria, anatembea kwa fimbo. Hakuuliza nani alimfungisha. Aliuliza, "Nani alimlisha?" Nikamtajia. Akakaa chini pale pale sakafuni. Baadaye alikwenda makao makuu ya kanisa kueleza, na yeye ndiye aliyepumzishwa kazi, kwa sababu za kiafya. Wafadhili walisema fedha sasa zinakwenda kwenye ukimwi, na siwezi kusema ukimwi haukuwepo. Sarepta ikawa shule ya watoto ya Kiingereza, wazazi wanalipa ada. Mizani ilirudi kupima alizeti. Sista alifia Kinyangiri, na aliyebaki anaijua kazi yake ni mimi, na mimi nilipewa dekio katika hospitali yenu.

Mchungaji Zefania hakuna aliyemwuliza kitu. Ndiye yule mzee mwenye mvi aliyefungua sherehe yangu kwa sala, sala ndefu, keki ikikauka. Alinikumbatia. Akasema mimi ni binti yake wa zamani.

Kuna jambo moja la juzijuzi niwaambie, nimalize. Msimu uliopita, kabla ya mvua, waliletwa wagonjwa wodi ya wanawake, mmoja wao msichana wa kijiji kile cha Sarepta. Daktari alimwandikia vidonda vya tumbo, kama mnavyowaandikia wote, akampa dawa. Mimi nilikuwa nadeki chini ya kitanda chake. Niliona mikono ile, yale manyoya laini ya mikononi ambayo mwili unaoteseka kwa njaa unayaotesha kujifunika baridi. Nikaegemeza dekio ukutani. Nikaenda kwa mama ntilie wa getini nikanunua ugali na mlenda, nikarudi nikaketi kitandani kwake, nikaanza kula, nikamzungumzia mambo ya mbuzi.

Nikamwuliza anaumwa nini.

"Siumwi, mama. Najiandaa kwa benchi. Nafuata nyayo za Roda."

Kumbe benchi lipo bado. Kila mwaka kabla ya mvua wasichana wanagombea kulikalia, na wanafundishwa habari za Roda Jumapili tangu wakiwa wadogo.

Nikamwambia, "Roda nilimjua mimi. Tulikula sinia moja. Roda alikuwa anapona, mwanangu. Alikuwa ameshona sketi kubwa."

Msichana akatabasamu kidogo, kama mtu anayemsamehe mzee aliyechanganyikiwa. "Huyo atakuwa mwingine, mama," akasema, akageukia ukutani.

Jumamosi baba yake alikuja kumchukua, maana mfungo ulikuwa unaanza. Mlimpa ruhusa. Nesi wa zamu alimsifu akimsindikiza, kwamba hakusumbua hata siku moja kudai chakula.